Intapreta ya kivivu: kazi kubwa ni kukumbuka, si kuahirisha

Kijana wa Kilosa au Mikumi anayejifunza kuandika programu akiniuliza atengeneze kitu gani ili aijue kompyuta kwa undani, jibu langu ni lilelile: tengeneza intapreta, yaani programu inayosoma na kuendesha programu nyingine, ya lugha ndogo ya kifankisheni inayokokotoa kivivu. Wengi hushangaa. Walitarajia niwaambie watengeneze programu ya simu ya kuuza nguo, au tovuti ya shule. Hizo zina faida zake, lakini akili ya mhandisi haijengwi kwa kupanga vitufe juu ya kazi iliyokwisha kufanywa na wengine. Intapreta hukulazimisha ujue jina ni nini, thamani hukaa wapi, kazi hufanyika lini, na nani aliyeiagiza. Ile ya kivivu hukubana zaidi, kwa sababu ndani yake maswali hayo hayana majibu ya mazoea.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Wengi wanaoanza kazi hii hudhani uvivu wa lugha hizi ni kuahirisha. Kuahirisha ni mistari michache ya msimbo. Mwanafunzi makini huimaliza jioni moja. Kinachoifanya lugha iwe ya kivivu kwa maana kamili ni kukumbuka: kazi iliyoahirishwa ikishafanywa, jibu lake liandikwe palepale ilipokuwa kazi, ili yeyote atakayekuja baadaye alikute tayari. Intapreta inayoahirisha bila kukumbuka ni mbovu kuliko ile isiyoahirisha kabisa, na nitaonyesha kwa hesabu gharama ya kutokukumbuka.

Ukiandika f(3 + 4) katika Python, jumla hufanywa kwanza, kisha 7 ndiyo inayoingia kwenye fankisheni f. Hata kama f haitumii kabisa namba hiyo, kazi imekwisha kufanyika. Katika lugha ya kivivu, f hupewa usemi wenyewe, 3 + 4, ukiwa haujaguswa. Utakokotolewa pale tu f itakapohitaji namba. Wazo hili si geni. Algol 60 ilikuwa na namna yake ya kupeleka usemi bila kuukokotoa, ila kila ulipohitajika ulikokotolewa upya. Mwaka 1971 Christopher Wadsworth, katika tasnifu yake ya Oxford, alionyesha kwamba usemi ukichorwa kama grafu, mahali pawili panapoutumia huelekeza kwenye nodi moja, na nodi hiyo ikikokotolewa mara moja pote pawili hufaidika. Mwaka 1976 zilitoka makala mbili, moja ya Peter Henderson na James Morris, nyingine ya Daniel Friedman na David Wise, zilizolileta wazo hilo kwenye lugha za orodha. David Turner akalitia kwenye SASL na baadaye Miranda ya mwaka 1985. Mwaka 1987, kwenye mkutano wa Portland huko Marekani, watafiti waliochoka kuona kila chuo kina lugha yake ya kivivu waliamua kutengeneza moja ya pamoja. Ripoti ya kwanza ya Haskell ikatoka Aprili 1990.

Tofauti kati ya Algol na Wadsworth ndiyo kiini cha safu hii, na mama lishe wa Mikumi, pale mabasi na malori ya barabara ya Zambia yanaposimama, anaweza kuieleza vizuri. Anayepika kila kitu alfajiri, wateja waje wasije, ndiye Python. Anayesubiri oda, kisha akawasha moto upya na kupika wali wa sahani moja kwa kila mteja, ndiye Algol. Anayesubiri oda ya kwanza, akapika sufuria moja, na mteja wa pili akapakuliwa humohumo, ndiye Haskell.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Lugha yetu ndogo ina aina chache tu za semi: namba, jina, fankisheni, kuita fankisheni, na acha ... katika ..., ambayo hufungia jina kwenye usemi. Hakuna kinachozuia maneno msingi yawe ya Kiswahili, na mimi husisitiza yawe hivyo. Kila jina hufungwa kwenye kasha. Kasha lina hali tatu. Hali ya kwanza ni ahadi: ndani yake kuna usemi pamoja na mazingira yake, yaani jedwali la majina na makasha yaliyokuwapo usemi huo ulipoandikwa. Hali ya pili ni inakokotolewa. Hali ya tatu ni thamani. Fankisheni ikiitwa, intapreta haikokotoi kiingizo. Hutengeneza kasha jipya la ahadi na kulifunga kwenye jina la kigezo. Jina likihitajika, intapreta hutazama kasha lake. Ikikuta thamani, hurudisha thamani. Ikikuta ahadi, hubadili hali kuwa inakokotolewa, hukokotoa usemi katika mazingira yake, huandika jibu ndani ya kasha lilelile, kisha hutupa usemi na mazingira.

Kila hatua hapo ina sababu yake, na mwanafunzi anayeruka mojawapo atalipa. Kasha lisipoandikwa jibu, umerudi kwenye Algol. Mazingira yasipotupwa, kila kasha lililokwisha kazi linaendelea kushikilia jedwali zima la majina, nalo jedwali linashikilia orodha nzima, na kumbukumbu ya kompyuta inajaa bila sababu inayoonekana. Hali ya inakokotolewa nayo ina kazi yake: mtu akiandika acha x = x + 1 katika x, intapreta isiyo na hali hiyo itazunguka hadi izime, ila yenye hali hiyo hukutana na kasha inalolifungua yenyewe na kusema kwa lugha ya kueleweka, "Thamani ya x inajitegemea yenyewe." Haikamati mizunguko yote isiyo na mwisho, fankisheni inayojiita kwa namba mpya kila mara itapita. Lakini hiyo inayoikamata ndiyo inayowasumbua wanaoanza. Na angalizo dogo kwa anayetengeneza intapreta ya kuandika mstari na kujibiwa: ukokotoaji ukikatika katikati, labda kwa kugawanya kwa sifuri, lirudishe kasha kwenye ahadi. Usipofanya hivyo, mtumiaji akiuliza tena ataambiwa kuna mzunguko ambao haupo.

Sasa hesabu niliyoahidi. Mfano wa kawaida wa lugha hizi ni orodha ya Fibonacci isiyo na mwisho, ambayo katika lugha yetu huandikwa fibo = 0 : 1 : jumlisha fibo (mkia fibo). Alama ya : huweka namba mbele ya orodha, mkia ni orodha bila kichwa chake, yaani namba ya kwanza, na jumlisha huchukua orodha mbili na kuzijumlisha namba kwa namba. Orodha inajitaja yenyewe mara mbili, na bado inafanya kazi, kwa kuwa kichwa chake kipo tayari na mkia wake ni ahadi. Tukianza kuhesabu nafasi kutoka sifuri, namba ya nafasi ya 40 ni 102,334,155. Intapreta inayoandika majibu kwenye makasha huifikia kwa kujumlisha mara 39. Ile inayoahirisha bila kukumbuka hurudia kila namba iliyotangulia kila inapohitajika, na huvuka majumlisho milioni 165 kabla ya kutoa jibu lilelile. Programu ni moja, jibu ni moja, na tofauti ni ule mstari mmoja unaoandika jibu kwenye kasha. Ndiyo maana ninasema intapreta isiyo na mstari huo haijakamilika nusu, haijaanza.

Kosa la pili kwa ukubwa ni la mazingira. Kiingizo kilichoahirishwa lazima kikokotolewe katika mazingira ya aliyeita, maana ndiko kilikoandikwa. Mwanafunzi mwenye haraka hukikokotoa katika mazingira ya fankisheni, kwa sababu ndiyo aliyonayo mkononi wakati jina linapohitajika. Programu ndogo zitapita majaribio. Kisha siku moja aliyeita ana x yake, fankisheni nayo ina x yake, na jibu linatoka baya bila kosa lolote kuripotiwa. Dawa ni kutotengeneza kamwe ahadi yenye usemi peke yake. Usemi na mazingira huingia kasha pamoja, au haviingii.

Lakini nani hasa anayehitaji? Jina halijihitaji lenyewe. Mahitaji huanzia juu kabisa, pale intapreta inapotakiwa kuchapisha jibu, na kushuka chini kidogokidogo. Kujumlisha huhitaji namba zote mbili. Usemi wa kama huhitaji sharti tu, kisha tawi moja. Ndiyo maana katika lugha ya kivivu mtumiaji anaweza kuandika kama yake mwenyewe kwa fankisheni ya kawaida, jambo lisilowezekana Python. Orodha huhitajika hadi ijulikane kama ni tupu au ina kichwa na mkia, basi. Kichwa chenyewe na mkia wenyewe hubaki makasha. Hapo ndipo penye utamu wote. Chukua vipimo vya kina cha mto Mkondoa, mto uliovunja tuta na kuifurikisha Kilosa mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, ukaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata reli ya kati. Tuseme una faili la vipimo vya kila saa na unataka kujua saa ya kwanza maji yalipovuka alama fulani. Unaandika kichwa (chuja imevuka vipimo), maneno yanayosomeka kama yanachuja faili zima. Intapreta husoma kipimo kimoja kimoja na kusimama inapokutana na cha kwanza kilichovuka. Fankisheni ya kuchuja haijui chochote kuhusu kusimama, na fankisheni ya kichwa haijui chochote kuhusu mito. John Hughes alijenga hoja nzima juu ya jambo hili katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1989: uvivu huruhusu vipande vya programu viandikwe mbalimbali na bado vifanye kazi kwa pamoja bila hasara.

Faili hilohilo litatuonyesha upande wa pili, na ningekuwa nawadanganya wasomaji kama ningeuficha. Tafuta sasa wastani wa vipimo vya miaka kumi, saa 87,600 na ushee. Mwanafunzi ataandika fankisheni inayobeba jumla kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Kwa kuwa hakuna anayeitazama jumla hiyo hadi mwisho, kila hatua huongeza ahadi nyingine: sifuri jumlisha cha kwanza, hiyo jumlisha cha pili, hiyo jumlisha cha tatu. Badala ya namba moja una mnyororo wa ahadi elfu themanini na saba, kila moja ikingoja iliyotangulia. Mwishoni jibu likihitajika, intapreta hushuka mnyororo wote. Kama imeandikwa kwa Python na hutegemea fankisheni kujiita, itakatika mapema mno, kwa kuwa Python kwa kawaida huruhusu miito 1,000 tu iliyopandana, na kila hatua ya lugha yetu hula miito kadhaa.

Kuna dawa mbili na zote zinahitajika. Ya kwanza ni ya mtumiaji: mpe neno la kuamuru ukokotoaji hapohapo. Mimi hulipendekeza neno sasa, kiasi kwamba acha sasa m = j + k katika ... hufungua kasha la m kabla ya kuendelea, na mnyororo haujengeki. Haskell ina zana za namna hiyo, na kompaila yake hujitahidi kugundua yenyewe mahali ambapo kuahirisha hakuna faida. Utafiti wa ugunduzi huo ulianzishwa na Alan Mycroft mwaka 1980. Ya pili ni ya mtengenezaji: usitegemee rundo la miito la lugha unayoiandikia. Tengeneza rundo lako mwenyewe. Juu yake weka viingizo vinavyosubiri fankisheni, na kila unapofungua ahadi weka alama yenye anwani ya kasha husika. Ukifika kwenye thamani na juu ya rundo kuna alama, andika thamani kwenye kasha hilo, ondoa alama, endelea. Peter Sestoft alionyesha mwaka 1997 jinsi mashine ya namna hii inavyotokana hatua kwa hatua na kanuni alizoandika John Launchbury mwaka 1993, na sijui zoezi jingine linalomfanya mwanafunzi aone nadharia ikigeuka mashine kwa uwazi kiasi hicho.

Uvujaji mwingine wa kumbukumbu ni wa siri zaidi. Ukiandika wastani kama jumla vipimo / urefu vipimo, unaonekana umeandika vizuri. Lakini jumla inapopita kwenye orodha, urefu bado unashikilia kichwa chake, kwa hiyo hakuna kipimo kinachoweza kutupwa; orodha nzima inakaa kwenye kumbukumbu hadi mwisho. Pita mara moja ukibeba jumla na idadi kwa pamoja, zote mbili kwa neno sasa, na kumbukumbu inabaki ndogo. Hili intapreta haiwezi kukufanyia. Inaweza tu kukuonyesha, na ndiyo maana nataka kila intapreta ya mwanafunzi iwe na kihesabio cha makasha yaliyotengenezwa, yaliyofunguliwa, na yaliyo hai kwa wakati mmoja.

Nigeukie sasa maneno ninayoyasikia mara kwa mara. La kwanza ni kwamba Python nayo ina uvivu, kwani ina jenereta. Jenereta huahirisha, kweli, lakini ukiimaliza imekwisha. Anayekuja wa pili hakuti kitu. Ni mtiririko wa mara moja, hauna kasha wala kumbukumbu. La pili ni kwamba uvivu huenda sambamba na kuchapisha popote ndani ya programu. Hapana. Ukiruhusu chapisha ndani ya fankisheni, ujumbe utatoka kwa mpangilio wa mahitaji, usiotabirika kwa msomaji wa msimbo, na utatoka mara moja hata kama jina limetumika mara kumi. Ndiyo maana Haskell ilibidi itafute njia nyingine ya kuingiza na kutoa, na njia inayotumika leo ilielezwa na Simon Peyton Jones na Philip Wadler mwaka 1993. Katika intapreta ya kwanza, acha kuchapisha kufanyike juu kabisa tu.

La tatu linaniuma zaidi, kwa sababu hulisema vijana wenye uwezo: kwamba haya ni mambo ya vyuo vya Ulaya na mashine kubwa, hayawahusu watu wa wilaya kama Kilosa. Gofer ya Mark Jones, intapreta kamili ya lugha ya kivivu, ilitoka mwaka 1991 na iliendeshwa hata kwenye kompyuta za DOS, ambazo simu ya bei nafuu unayoikuta leo mkononi mwa bodaboda inazishinda mbali. Mwaka 2019 kampuni ya IOHK, inayojenga mfumo wa fedha za kidijitali wa Cardano kwa Haskell, iliendesha kozi ya lugha hiyo Addis Ababa kwa darasa la wanawake kutoka Ethiopia na Uganda. Na nje ya fedha za kidijitali, Nix, lugha ya kivivu ya kusimamia programu za kompyuta iliyotokana na utafiti wa Eelco Dolstra huko Utrecht, hubeba maelezo ya makumi ya maelfu ya vifurushi katika usemi mmoja mkubwa. Ukiomba kifurushi kimoja, kilichobaki hakiguswi. Bila makasha yetu ya hali tatu mfumo huo usingeweza hata kuwaka.

Kinachokosekana kwetu ni mpangilio wa kufundisha. Mwanafunzi wa informatiki hufika mwaka wa mwisho akiwa ametumia lugha nyingi na hajatengeneza hata moja. Ningependa walimu wa Sokoine na Mzumbe pale Morogoro, na wa Chuo Kikuu cha Dodoma, waifanye kazi hii ya muhula mmoja, ipimwe kwa vihesabio, wala si kwa ripoti yenye jalada zuri. Zianze wiki za kuchanganua maandishi, haraka haraka, maana huko wanafunzi hupotea muda mwingi kwa faida ndogo. Kisha makasha, na hapo wakae. Kisha rundo, kisha neno sasa. Ujumbe wa makosa uandikwe kwa Kiswahili safi; mwanafunzi akilazimika kueleza kosa kwa lugha anayoota kwayo, hugundua mwenyewe kama amelielewa.

Na ninyi mliopo wilayani msisubiri mtaala. Kitabu cha Peyton Jones cha mwaka 1987 kuhusu utekelezaji wa lugha hizi, na kile cha mazoezi alichoandika na David Lester mwaka 1992, vinapatikana bure mtandaoni. Vipakue mara moja ukiwa Morogoro kwenye mtandao mzuri, halafu huhitaji intaneti tena hadi umalize. Kompyuta ya mtumba inatosha. Andika kwanza kasha lenye hali tatu, weka kihesabio kwenye kujumlisha, kisha omba fibo ya 40. Kihesabio kikisoma 39, nenda kwenye rundo. Kikisoma zaidi, rudi kwenye kasha, tafuta mahali ulipoacha kuandika jibu.